Maganda ya muhogo ya Mubi na kaboni inayong'aa: faida itabaki wapi?

Mubi ni kituo cha biashara katika teritwari ya Walikale, kando ya barabara ya taifa namba 3 inayoelekea Kisangani. Kinajulikana kwa sababu ya kasiteriti. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000, kila mara mawe ya Bisie yanapotajwa, Mubi nayo inatajwa: wabebaji waliotoka porini na kilo 50 mgongoni, wafanyabiashara wenye mizani, ndege ndogo zilizotua juu ya barabara pale Kilambo ili kupeleka magunia Goma. Lakini kuna kitu kingine ambacho Mubi na vijiji vya Masisi vinatoa kila siku, na ambacho hakuna kundi lenye silaha lililowahi kukipigania: maganda ya muhogo, makapi ya mawese, pumba za mpunga, unga wa mbao, maganda ya ndizi.

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, wanakemia wa nchi nyingi, wengi wao wakiwa China na India, wanachukua mabaki ya mimea ya namna hiyo na kuyageuza kuwa chembe ndogo sana za kaboni zinazong'aa. Zinaitwa nukta za kaboni. Njia mojawapo inayovutia watafiti ni ile ya kuyayeyusha mabaki hayo ndani ya chumvi za majimaji ziitwazo vimiminika vya ioni. Maneno yanayoandikwa juu ya kazi hiyo ni matamu: takataka kuwa mali, kemia isiyochafua, malighafi ya bure. Mkaaji wa Kivu Kaskazini amekwisha kusikia maneno ya namna hiyo kuhusu bati, koltani na dhahabu, na ana haki ya kuuliza faida itabaki wapi safari hii.

Swali hilo lina uzito wake katika kipindi hiki. Mapatano yaliyotiwa sahihi Washington tarehe 27 Juni 2025 kati ya Kongo na Rwanda, na sherehe ya marais ya tarehe 4 Desemba mwaka huohuo, yalifuatana na maneno mengi juu ya uwekezaji na kuongeza thamani mashariki mwa Kongo. Karibu yote yalihusu vilivyo chini ya ardhi. Vinavyoota juu ya ardhi havikupata nafasi kubwa, ingawa ndivyo vinavyolisha watu wa Walikale na Masisi siku ambazo machimbo yamefungwa.

Chembe zilizogunduliwa bila kutafutwa

Nukta za kaboni hazikutafutwa na mtu. Mwaka 2004, wanakemia wa South Carolina, Marekani, walikuwa wanasafisha masizi yaliyotengenezwa kwa umeme ili kupata mirija midogo ya kaboni. Katika uchafu waliotaka kuutupa, waliona sehemu inayong'aa. Miaka miwili baadaye, 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson katika jimbo hilohilo wakazipa chembe hizo jina zinalolitumia mpaka leo. Kila moja ina upana usiozidi nanomita 10. Unywele wa mtu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita, mara nyingi zaidi ya 50,000.

Kung'aa kwake si kama kwa taa. Mtu aliyebadilisha dola Goma au Bukavu anajua ile taa ndogo ya rangi ya zambarau ambayo mwenye kubadilisha pesa anaiwasha juu ya noti ya dola 20 ili kuona kama uzi wa ndani unatoa rangi yake. Uzi huo unapokea mwanga ambao jicho halioni na kurudisha mwanga ambao jicho linaona. Nukta za kaboni zinafanya vilevile. Zikiwa ndani ya maji, chini ya taa ya namna hiyo, maji yanakuwa ya buluu au ya kijani.

Watu wanaweza kuzichanganya na zile chembe zilizopata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023. Ni jamaa, lakini si kitu kimoja. Nyingi za zile za Nobel, zinazotumika kwenye televisheni za gharama, zilianza na kadmiamu, chuma chenye sumu. Hizi ni kaboni, oksijeni, hidrojeni na mara nyingi nitrojeni kidogo, vitu ambavyo vimo ndani ya ganda lolote la muhogo. Kwa hiyo watafiti wanazifikiria kwa kazi nyingi: kupima vyuma vyenye sumu ndani ya maji, kuonyesha seli za mwili kwenye darubini, kusaidia paneli za jua. Sehemu kubwa ya kazi hizo bado iko maabarani.

Tanuri la makala na chungu cha chumvi

Anayechoma makala Masisi tayari anajua nusu ya jambo hili. Anapanga magogo, anayafunika kwa majani na udongo, anawasha na kuziba matundu ili hewa isiingie nyingi. Mti haugeuki majivu. Unapoteza maji na moshi, kaboni inabaki. Kwa matanuri ya udongo ya kawaida, kilo 100 za mti zinatoa kati ya kilo 10 na 20 za makala. Kutengeneza nukta za kaboni ni kuunguza pia, ila kunafanyika ndani ya majimaji na kunasimamishwa mapema, kabla kaboni haijashikamana na kuwa donge.

Njia iliyozoeleka ni kuweka maganda na maji ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa vizuri, kisha kukipasha moto wa nyuzi 180 hadi 200 kwa saa kadhaa. Inafaulu, lakini ina kasoro zake. Maji hayayeyushi selulosi, yaani zile nyuzi zinazoupa mmea ugumu. Kama yangeyeyusha, misitu ya Walikale isingevumilia msimu mmoja wa mvua. Kwa hiyo ganda linaungua nje kabla ya ndani, chembe zinatoka kubwa na ndogo, na sehemu kubwa inabaki matope meusi. Tena chombo chenye maji ya nyuzi 200 kina presha kubwa, na kikipasuka kinaua.

Vimiminika vya ioni vinajaribu kuondoa kasoro hizo. Chumvi ya jikoni inayeyuka kwenye nyuzi 801. Ila zipo chumvi ambazo sehemu zake ni kubwa na hazipangani vizuri, hivyo hazigandi kirahisi. Zinabaki majimaji chini ya nyuzi 100, nyingine hata kwenye joto la kawaida la chumba. Paul Walden, mwanakemia aliyezaliwa Latvia, alieleza mojawapo mwaka 1914 ambayo inayeyuka kwenye nyuzi 12 tu. Kwa miaka mingi watu wachache walijali. Mwaka 2002, kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama lilionyesha kwamba baadhi ya chumvi hizo zinayeyusha selulosi kama sukari kwenye chai. Toka hapo mlango ukafunguka kwa mabaki ya mashamba.

Faida zake zinaeleweka. Mmea ukiyeyuka wote, moto unaufikia sawasawa. Chumvi haigeuki mvuke kama maji au pombe, kwa hiyo presha haipandi na chombo kinaweza kuwa wazi. Inapokea mawimbi ya mikrowevu upesi sana, na kazi ya saa nyingi inaweza kuwa ya dakika. Nitrojeni iliyo ndani ya chumvi inaweza kuingia kwenye chembe na kuongeza mng'ao wake. Na chumvi yenyewe, kwa maneno ya watafiti, inaweza kukusanywa na kutumika tena.

Hapo kwenye kukusanya ndipo mambo yanapokuwa magumu. Kuchanganya ni rahisi, kutenganisha ni shida. Nukta zinabaki zimeogelea ndani ya chumvi, na kuzitoa kunahitaji kuzichuja ndani ya mifuko maalumu inayowekwa kwenye maji safi kabisa, maji yanayobadilishwa mara kwa mara, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Kisha chumvi iliyokwenda na maji hayo lazima ikaushwe kwa moto ili irudi. Wingi wa umeme na maji yaliyochujwa unaotumika hapo hauonekani kwenye kichwa cha habari kinachosema kemia hii haichafui mazingira.

Halafu kuna sumu. Kutogeuka mvuke hakumaanishi kutokuwa na madhara. Zile chumvi zilizo maarufu zaidi kwa kuyeyusha selulosi, za jamii ya imidazoli, zimeonekana maabarani kuwa na madhara kwa viumbe wa majini, na nyingi haziozi kirahisi. Zikimwagwa mtoni, zinakaa. Kwa mji wenye mfumo wa kusafisha maji machafu hilo ni tatizo linaloweza kusimamiwa. Kwa Mubi, ambako watu wanachota, wanafua na kuosha muhogo kwenye vijito, lingekuwa jambo la hatari tangu siku ya kwanza.

Ipo njia ya bei nafuu zaidi. Mwaka 2003 watafiti wa Leicester, Uingereza, walichanganya vitu viwili vigumu, kolini kloridi na urea, vikawa majimaji. Kolini kloridi inawekwa kwenye chakula cha kuku. Urea ni ileile mbolea wakulima wanayoijua. Kwa lugha kali ya kemia mchanganyiko huo si kimiminika cha ioni kamili, ni binamu yake, lakini unafanya sehemu kubwa ya kazi ileile na kwa kawaida sumu yake ni ndogo. Kama siku moja maabara ya Kivu itajaribu jambo hili, ni rahisi kuona kwamba itaanzia huko, si kwenye chupa za bei ya juu zinazoagizwa Ujerumani.

Kipimo chenyewe kinaota Kivu

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo watu wengi wa Kivu hawajaambiwa. Mtafiti akitaka kujua nukta zake zinang'aa kiasi gani, hawezi kukadiria kwa macho. Anazilinganisha na kitu ambacho mng'ao wake unajulikana. Kitu kinachotumika zaidi, kwa chembe zinazotoa mwanga wa buluu, ni sulfati ya kinini: ile kwinini ya malaria.

Kwinini inatoka kwenye magome ya mti wa kinkina. Mti huo uliletwa Kongo wakati wa Wabelgiji, ukapenda nyanda za juu za Kivu, na mpaka leo magome yake yamo katika mazao ya biashara ya Kivu zote mbili, pamoja na kahawa, kakao na papaini. Bukavu kuna Pharmakina, kiwanda ambacho mizizi yake ni ya miaka ya 1940 na ambacho kazi yake imekuwa kutoa chumvi za kwinini kutoka kwenye magome hayo. Kongo imekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa nchi zinazotoa kinkina nyingi zaidi duniani.

Kwa hiyo mtafiti wa mbali anayepima kaboni iliyotoka kwenye maganda ya matunda anaipima kwa molekuli ambayo magome ya Kivu yanatoa. Na molekuli hiyo inashinda mara nyingi. Kwinini ikipokea chembe 100 za mwanga, inarudisha karibu 54. Nukta nyingi zinazotengenezwa kwa mabaki ya mimea, bila kuongezewa kitu, hazifiki 20, na nyingine ziko chini ya 10.

Mfano wa kinkina unafaa kuangaliwa kwa makini kuliko ahadi yoyote mpya, kwa sababu ni kemia ya mimea ambayo tayari imefanyika hapa. Ilidumu kupitia vita viwili vikubwa na misukosuko mingi. Mimea yenye thamani ilikuwepo, lakini mimea peke yake isingetosha. Kulikuwa na ugonjwa unaojulikana, dawa inayojulikana, mnunuzi anayejulikana na kiwanda kilichokuwa karibu na magome. Wakati kwinini ilipoanza kuachwa na dawa za artemisinini zikachukua nafasi ya kwanza katika kutibu malaria ya kawaida, wenye mashamba walisikia uzito wake. Hata zao lenye kiwanda linategemea matumizi. Nukta za kaboni bado hazina matumizi ya namna hiyo yanayoweza kulisha kijiji.

Gunia moja linatosha mwaka mzima

Watu wanaposikia kwamba maganda yanaweza kuwa mali, wanafikiria bei ya gunia. Ni kawaida, ndivyo biashara ya Mubi inavyokwenda. Lakini hesabu ya nukta za kaboni haifanani na ya kasiteriti.

Bisie, ambayo kampuni ya Alphamin ilianza kuichimba kiviwanda mwaka 2019, ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, karibu asilimia 6 ya bati ya dunia. Mzigo mkubwa hivyo unahitaji magari, madereva, mafuta, walinzi, wapishi. Wakati wa uchimbaji wa mikono, kabla ya kampuni, ulihitaji maelfu ya wabebaji. Thamani kubwa ilikwenda mbali, maana mawe hayo yanayeyushwa nje ya nchi, lakini angalau uzito wake uliacha franka njiani. Mama aliyeuza fufu Njingala alipata kitu.

Nukta za kaboni zinauzwa kwa miligramu. Maabara moja ikipata gunia moja la maganda makavu ya muhogo, linaweza kuitosha mwaka mzima na likabaki. Hakuna foleni ya malori, hakuna mbebaji, hakuna soko la maganda. Thamani yote iko kwenye ujuzi, vyombo na hataza. Anayesema kwamba wakulima wa Walikale watatajirika kwa kuuza maganda kwa ajili ya kazi hii anadanganya au hajapiga hesabu.

Tena neno takataka lenyewe lina udanganyifu. Maganda ya muhogo yanaliwa na mbuzi na nguruwe. Maganda magumu ya mbegu za mawese yanatumika kama moto. Masisi, mabaki ya maharagwe na mahindi yanakwenda kwa ng'ombe au yanarudi shambani. Familia zilizokimbia vita zinapika kwa chochote kinachowaka, na ndiyo sababu mashamba ya miti ya mradi wa EcoMakala, ulioanzishwa na WWF mwaka 2007 ili Goma ipate makala bila kumaliza mbuga ya Virunga, hayajawahi kutosha. Katika nchi iliyo na shida ya kuni, kitu kinachoonekana kimetupwa mara nyingi kina mwenyewe.

Mto wa rangi ya chai

Pamoja na hayo, kuna kazi moja ambayo ingeweza kuwafaa watu wa Mubi bila kusubiri soko la dunia: kupima maji.

Kasiteriti haihitaji zebaki. Inaoshwa kwa maji, nayo inaacha matope. Dhahabu ndiyo inayokusanywa kwa zebaki na wachimbaji wadogo, na Walikale ina machimbo mengi ya dhahabu. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 6 za zebaki isiyo ya kikaboni kwa lita ya maji ya kunywa. Kiasi hicho hakionekani, hakina harufu wala ladha. Mwaka 2012 watafiti wa China walionyesha kwamba nukta za kaboni zilizotoka kwenye maganda ya pomelo, tunda la jamii ya machungwa, zinapoteza mng'ao zikikutana na zebaki ndani ya maji, hata ikiwa kidogo sana. Maji yanayong'aa yakizimika, zebaki ipo. Kipimo kinaweza kusomwa kwa taa ndogo, na kuna watafiti wanaojaribu kukisoma kwa kamera ya simu.

Kwenye karatasi ni kitu ambacho muuguzi wa kituo cha afya angeweza kufanya. Kwenye maji ya Walikale, hapana, si bado. Mito ya msituni kama Oso na Lowa inabeba majani yaliyooza, na maji yake yana rangi ya chai. Vitu hivyo vilivyooza navyo vinang'aa buluu chini ya taa ileile, hata bila nukta yoyote. Na udongo mwekundu wa huko una chuma kingi, nacho chuma, kikiwa katika hali fulani ndani ya maji, kinazima nukta nyingi kama zebaki inavyozizima. Mtu angeweza kutangaza sumu mahali ambapo pana kutu tu, au kusema maji ni salama kwa sababu mng'ao anaouona ni wa majani. Katika eneo ambalo uvumi mmoja juu ya mgodi unaweza kuamsha watu na mawe mkononi, kipimo kibaya kina hatari kuliko kukosa kipimo.

Kasoro hizo zinaweza kurekebishwa: kuchuja maji kwanza, kubadilisha uso wa chembe ili zishikamane na zebaki peke yake, kulinganisha na mashine kubwa. Lakini marekebisho hayo hayawezi kufanywa kwa maji safi ya maabara ya Shanghai. Lazima yafanywe kwa maji ya Oso. Hapa ndipo watu wa Kivu wana kitu ambacho wengine hawana, na si maganda. Ni mto wenye shida yenyewe, na wanafunzi wa kemia wa Goma, Bukavu na Kisangani ambao wanaweza kuufikia.

Umeme, barabara na bunduki

Wanaweza kuufikia siku ambazo barabara inapitika, kwa kweli. Machi 2025, M23 walisonga kuelekea Walikale. Tarehe 13 mwezi huo Alphamin ilisimamisha kazi Bisie na kuondoa wafanyakazi. Tarehe 19, Walikale-centre ilianguka, na wakaaji wengi wa njia ya Mubi na Njingala walikimbia. Tarehe 3 Aprili waasi waliondoka, siku chache baadaye mgodi ukaanza kurudi kazini hatua kwa hatua. Mgodi wenye wanahisa na fedha ulifunga kwa karibu mwezi mmoja. Maabara yenye friji moja na chupa 20 isingefunguka tena.

Goma, ambako kemikali zingepitia, iko mikononi mwa AFC/M23 tangu mwisho wa Januari 2025. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Kuhusu umeme, Mubi inaishi kwa paneli za jua na jenereta. Bisie yenyewe inaendeshwa kwa mafuta ya dizeli. Bwawa la Matebe, lililoanza kutoa umeme Rutshuru mwishoni mwa 2015, liko upande mwingine wa mkoa, na waya wake haujavuka msitu. Paneli chache zinaweza kuwasha mikrowevu kwa dakika 10. Kukausha chumvi na kuchuja maji siku tatu mfululizo ni habari nyingine.

Walioishi Mubi mwaka 2010 wanakumbuka uamuzi mwingine uliotoka mbali. Septemba mwaka ule, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, na marufuku ikadumu mpaka Machi 2011. Wakati huohuo Mubi ilikuwa imechaguliwa kuwa mojawapo ya vituo vya biashara ya madini vilivyo halali, ili mawe yapimwe na kuandikwa kabla ya kuondoka. Mji ambao uchumi wake wote ulikuwa jiwe moja ulikaa miezi sita bila jiwe hilo. Wengi walirudi mashambani, kwenye muhogo.

Fedha ya kuanza kidogo kidogo, kwa upande wa sheria, ipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa eneo la chini ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo, kampuni inatakiwa kuweka angalau asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Kwa Bisie, eneo la chini ni sekta ya Wanianga. Mfuko wa vizazi vijavyo ulianzishwa kwa sababu madini yanaisha, na sheria haikusema kwamba kitakachofuata lazima kitoke tena chini ya ardhi.

Chumba cha kupima maji, chenye taa, mashine ndogo ya kupima mng'ao, chujio na kijana mmoja aliyesoma kemia, hakihitaji kimiminika chochote cha ioni kwa kuanzia. Kinaweza kuanza kwa njia za kawaida, kuandika hali ya Oso juu na chini ya machimbo ya dhahabu, msimu wa mvua na wa kiangazi, na kutunza sampuli. Mwaka wa pili au wa tatu, chuo kikuu kikileta nukta zake zilizotoka kwenye muhogo au mahali pengine, kutakuwa na mahali pa kuzijaribu na takwimu za kuzilinganisha. Bila takwimu hizo, chupa inayong'aa ni mapambo.

Kamati zinazopanga matumizi ya ile asilimia 0.3 zimezoea kuomba shule, vituo vya afya, madaraja na paa za mabati, na mahitaji hayo ni ya kweli. Atakayeomba chumba cha kupima maji atalazimika kueleza kwa nini kinastahili kuwekwa mbele ya daraja. Ataulizwa pia, na watu wa machimbo ya dhahabu watakuwa wa kwanza kuuliza, majibu ya vipimo yatasomwa wapi: hadharani, siku ya soko la Mubi, au ofisini Kinshasa.